Shajara ya Mradi: Kioo cha Mbele cha MGB ya Mjomba

Jumamosi, 18 Januari 2025

Jiwe lilirushwa na lori tulipokuwa tumepita Kikopey, tukirudi Nakuru. Lilikuwa dogo kama punje ya hindi, lakini mlio wake ulinifanya nikanyage breki kabla sijajua nimekanyaga. Mjomba alikuwa ameketi kushoto kwangu, paa limekunjwa, kofia yake ya sufu ameivuta hadi masikioni. Hakusema kitu. Alinyosha mkono akaweka kiganja kwenye kioo palepale jiwe lilipogonga, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tulipofika Lanet, ufa ulikuwa umeanzia ukingo wa chini upande wake, umepanda mwembamba kama uzi.

"Huyo halali hapo," akaniambia. "Ataendelea kutembea."

Nimeamua kuandika kila hatua ya kazi hii. Nimetafuta mtu wa hapa kwetu aliyewahi kubadilisha kioo cha gari la aina hii na kuyaandika aliyoyaona kwa Kiswahili, sikumpata.

Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1966, ile ya paa la turubai, iliyoundwa Abingdon, Uingereza. Injini ni ya sentimita za ujazo 1798, kabureta mbili za SU. Mjomba alilinunua kwa mwajiri wake huko Subukia, akalilipia kidogo kidogo, akaliendesha hadi macho yalipoanza kufifia, ndipo akanikabidhi ufunguo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Ufundi wa magari nimeujua uani kwake, tangu utotoni, nikimshikia tochi.

Jumapili, 26 Januari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na kila jioni nikirudi, nimekuwa nikitia alama ya wino kwenye ncha ya ufa. Jumapili iliyopita ulikuwa sentimita 11. Leo ni 19, na gari halijatoka uani hata mara moja.

Mchana ndipo unapotembea. Usiku wa Januari hapa Nakuru una baridi ya kweli, halafu saa nne jua linapanda na kukipiga kioo katikati. Ukingo wake umejificha ndani ya mpira na fremu, kwa hiyo unabaki baridi wakati katikati kunapata joto na kutanuka. Katikati inavuta, ukingo unavutwa, na ufa uliopo ukingoni unapata nafasi. Nimelihamishia gari chini ya mwembe. Tangu jana ufa haujaongezeka hata milimita.

Ufa uko kwenye tabaka la nje tu. Ukipitisha ukucha kwa nje unakwama, kwa ndani unateleza. Kioo hiki ni cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na utando mwembamba wa plastiki katikati, ndiyo maana tulifika nyumbani salama. Kile cha aina ya pili, kilichokazwa kwa joto, kingelivunjika chote kwa mpigo na kutumwagikia mapajani kama chumvi ya mawe.

Lakini jua si sababu pekee. Gari lenye paa la chuma ni kama sanduku lenye mfuniko: limeshikana. Ukiondoa mfuniko, sanduku linajipinda ukilishika pembe moja. Gari la turubai hujipinda hivyohivyo likiingia shimoni, hata kama wahandisi walizitia nguvu kingo za chini za milango, na fremu ya kioo cha mbele hutikisika pamoja nalo. Ndiyo sababu sitalitoa tena barabarani hadi kioo kibadilishwe.

Jumamosi, 1 Februari

Nimemwita Fundi aje kuangalia. Ni mzee wa Bondeni, mikono yake imezoea Land Rover za mashamba tangu ujana wake, na bado ana seti nzima ya spana za inchi zilizofungwa kwa kitambaa cha khaki. Alizunguka gari mara mbili kabla ya kuligusa.

"Mwalimu, hiki kioo si kazi," alisema. "Kazi ni fremu."

Sikumwelewa siku hiyo. Nilidhani tatizo langu kubwa ni kukipata kioo.

Jirani mmoja alitushauri tupake silikoni juu ya ufa na kuendelea na safari. Mwingine alisema mafundi wa vioo mjini wanaweza kukata kioo bapa cha tabaka mbili kwa kufuata kiolezo, kazi ya saa moja. Hilo la pili lina maana kwa magari mengi ya zamani; Land Rover za kale zina vioo bapa na zimekuwa zikikatiwa vioo hapa Nakuru miaka yote. Nikachukua uzi, nikauvuta kwa ndani kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia. Kwenye ncha uligusa kioo, katikati ukaelea hewani. Kioo cha MGB kimepinda. Hupindwa kikiwa cha moto, juu ya kalibu, kabla tabaka hazijaunganishwa. Hakuna anayeweza kukipinda baridi.

Basi nimetengeneza kiolezo cha kadibodi kwa kufuata ukingo wa ndani wa fremu, nimekiandika JUU, CHINI, NJE kwa herufi kubwa, na Mjomba ameomba nikiweke sebuleni nyuma ya kochi kisije kikalowa.

Jumamosi, 8 Februari

Kisumu. Niliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa matatu, kupitia Kericho, kiolezo kimekunjwa mara moja chini ya kiti. Mtu mmoja karibu na soko la Kibuye alikuwa ameniambia kwa simu kwamba ana kioo cha MGB, hakijawahi kufungwa, kimekaa darini miaka mingi. Sauti yake ilikuwa ya mtu mkweli na kweli alikuwa mkweli. Kilikuwa kioo cha MGB.

Tulikishusha sisi wawili, tukakipangusa vumbi, nikafungua kiolezo changu juu yake. Upana ulikaribiana. Urefu wa kwenda juu ulizidi, na kingo zake hazikuwa na umbo la kuingia kwenye fremu ya alumini. Nikakaa juu ya tairi kuukuu.

Ni kioo cha MGB GT. Ile GT iliyotoka mwaka 1965 yenye paa la chuma na mlango wa nyuma, umbo lililochorwa kwa msaada wa Pininfarina wa Italia. Ili paa lile likae vizuri, walipandisha kioo cha mbele. Boneti ni ileile, injini ni ileile, jina ni lilelile, lakini kioo ni kirefu zaidi na hushikwa kwa mpira kwenye bodi, si kwa fremu ya kufungwa kwa bolti. Nilijua haya yote kwa kusoma. Sikufikiri kuuliza, kwa sababu nilitaka sana kiwe ndicho.

Mwenye kioo hakunidai hata senti ya usumbufu. Alinipa chai, akanionyesha njia fupi ya kurudi stendi. Ikiwa kuna mtu mwenye GT huku magharibi na anahitaji kioo, kipo, na kimehifadhiwa vizuri kuliko vitu vingi nilivyoona.

Usiku huohuo nimeagiza Uingereza: kioo, mpira wa kukizunguka kioo, mpira wa chini wa fremu, na skrubu zote.

Jumamosi, 22 Februari

Leo tumeanza kutoa fremu. Siku nzima, na haijatoka.

Tulianza na betri. Gari hili lina betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, chini ya kifuniko, na waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Nimemwambia mwanagenzi wa Fundi mara tatu, maana kila gari alilowahi kugusa linafunga hasi kwenye bodi. Tulikuwa tunakwenda kuingiza spana ndefu nyuma ya dashibodi katikati ya waya za miaka karibu sitini, na sikutaka hata cheche moja.

Halafu fimbo ya katikati. Katikati ya kioo kuna fimbo nyembamba inayosimama kutoka bodi hadi reli ya juu ya fremu, na kioo kidogo cha kutazamia nyuma kimeshikwa juu yake. Watu hudhani kazi yake ni kushika kioo hicho tu. Kazi yake hasa ni kuizuia reli ya juu isiinuliwe na upepo na mvuto wa turubai. Ilitoka bila ubishi.

Kisha bolti. Nguzo mbili za fremu hushuka ndani ya bodi kupitia matundu, moja kila upande, na kila nguzo hushikwa na bolti mbili ndani, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo aliyezibuni bila shaka alizifunga kabla dashibodi haijawekwa. Upande wa abiria tulitoa kisanduku cha mbele ya magoti, tukapata nafasi ya mkono mmoja. Mwanagenzi alilala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, kichwa chini ya dashibodi. Bolti ya kwanza ilitoka kwa dakika kumi. Ya pili ilichukua saa nzima, robo zamu kwa robo zamu.

Upande wa dereva tulilazimika kulegeza dashibodi yenyewe na kuivuta nyuma kidogo. Bolti ya nyuma ya upande huo huwezi kuiona. Unaitafuta kwa kidole. Fundi alinipa spana mimi, si kwa heshima, kwa kuwa mkono wangu ndio mwembamba. Nililala pale saa mbili, nikiwa nimefumba macho, kwa sababu ukifumba macho kidole kinaona vizuri zaidi. Ilipolegea nilihisi kwanza kwenye kiwiko.

Kati ya nguzo na bodi kulikuwa na vibati vyembamba vya kujazia, vitatu kushoto, viwili kulia. Hivi ndivyo vinavyoiweka fremu katikati. Tumevifunga kwenye bahasha mbili na kuandika pembeni. Atakayefanya kazi hii akavichanganya atalia siku ya kurudisha milango.

Bolti zote nne nje, fimbo nje. Tukashika fremu watu watatu, tukainua. Haikusogea.

Jumapili, 23 Februari

Silikoni. Miaka mingi iliyopita Mjomba aliwahi kulipeleka gari kwenye gereji moja kwa sababu lilikuwa linavuja miguuni. Badala ya kubadilisha mpira wa chini walijaza silikoni kote chini ya fremu, ndani na nje. Ilizuia maji kuingia kwa misimu kadhaa, kisha ikaanza kuyazuia yasitoke.

Tuliikata kwa waya wa gitaa uliofungwa vijiti viwili kwenye ncha, mmoja anavuta huku, mwingine kule, kama msumeno. Saa sita mchana fremu ilitoka wima, kioo kikiwa ndani yake, tukailaza juu ya blanketi mbili.

Chini yake bati lilikuwa limelika. Kulikuwa na sehemu ya ukubwa wa kiganja upande wa abiria ambayo bisibisi ilipita ndani bila kusukumwa. Mjomba aliletewa kiti akakaa karibu, akapapasa kutu ile kwa kidole gumba. "Maji yalikuwa hapa siku zote hizo," alisema, "na mimi nilikuwa nawashukuru."

Nimekasirika na sitaficha. Kazi ile ililipiwa kwa pesa ya mtu aliyekuwa akihesabu shilingi. Mpira mpya ndio uliohitajika, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Bati limekatwa, kiraka kimechomelewa, kimesagwa, praima mara mbili, rangi. Fundi wa bodi alifanya kazi nzuri, sina la kuongeza.

Jumapili, 9 Machi

Fremu ya MGB ni vipande vinne vya alumini: reli ya juu, reli ya chini, na nguzo mbili. Vimeunganishwa pembeni kwa skrubu. Ili kioo kitoke ni lazima skrubu zitoke, na sasa ndipo nimeelewa maneno ya Fundi ya tarehe mosi Februari.

Skrubu ni za chuma. Fremu ni ya alumini. Weka metali mbili tofauti zikigusana, ongeza maji ya mvua yenye vumbi la Nakuru, ambalo lina magadi ya ziwa ndani yake, na umetengeneza seli ya umeme. Katika ndoa hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe, unga unajaa kwenye meno ya skrubu, unavimba, na skrubu inashikwa kama jino ndani ya taya.

Tumeziwekea mafuta mepesi ya kupenya kutu tangu siku ile fremu ilipotoka, asubuhi na jioni, matone mawili mawili. Leo Fundi alileta bisibisi ya kugongwa, ile ambayo ukiipiga kwa nyundo inasukuma na kuzunguka kwa wakati mmoja. Kabla ya kugonga alipasha joto alumini iliyozunguka skrubu kwa moto mdogo, akiusogeza bila kutulia, kitambaa chenye maji kimewekwa juu ya kioo. Alumini hutanuka zaidi ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko skrubu. Kipimo ni unywele, lakini unywele unatosha.

Tano zimetoka. Ya sita imekatika kichwa.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha Fundi akaweka nyundo chini, akasema, "Leo tumefika hapa, Mwalimu. Mtu akiwa na hasira na skrubu anavunja fremu." Tukanywa chai.

Fremu ya kuukuu haipatikani hapa. Ikipasuka hii, mradi umekwisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimechukua kichwa cha skrubu iliyokatika na unga wake mweupe nikaenda navyo darasani, Kidato cha Tatu. Tulikuwa kwenye seli za kemikali. Niliwapitishia mkononi mmoja mmoja. Msichana wa dawati la nyuma aliuliza kwa nini wenye kiwanda hawakutumia skrubu za alumini. Tulizungumza hadi kengele ikalia: alumini ni laini, kichwa kingechakaa, na skrubu zile zinabeba mvuto wa kioo kizima. Kisha mwingine akauliza kwa nini basi hawakuweka grisi. Hilo sikuwa na jibu lake zaidi ya kusema kwamba mimi nitaiweka.

Jumamosi, 15 Machi

Iliyokatika imetobolewa katikati kwa drili, kuanzia ncha nyembamba kabisa, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa kidogo, mwanagenzi akishikilia fremu kwenye jiriwa lililofunikwa mbao. Mwishoni ilibaki ganda jembamba kama la yai ambalo Fundi alilichokoa kwa sindano ya kushonea magunia. Meno ya tundu yamepona karibu yote. Tumeyapitisha tapu, kifaa cha kuchonga meno ya skrubu, kuyasafisha.

Kioo cha zamani kimetoka. Kwenye kona yake ya chini kuna stika ya leseni ya barabara iliyopauka hadi mwaka hausomeki. Mjomba ameiomba. Nimeibandua kwa maji ya moto na wembe, imetoka nzima.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna kazi. Fundi na mwanagenzi wako Naivasha, Safari Rally.

Jumamosi, 12 Aprili

Kioo kimefika. Usafiri na ushuru pamoja vimepita bei ya kioo chenyewe, na atakayeagiza na apige hesabu hiyo mapema. Kreti ya mbao, sponji pande zote, hakuna mkwaruzo. Kabla hata ya kukitoa chote nilikimbilia nyuma ya kochi kuleta kiolezo. Kimelingana. Juu, chini, pembe zote nne. Nilimshikisha Mjomba ukingo akapitisha vidole pole pole kutoka upande hadi upande.

Jumanne, 15 Aprili

Shule zimefungwa, sasa naweza kufanya kazi siku za katikati ya wiki.

Mpira wa kuzunguka kioo una umbo la herufi U. Unauvisha kioo, kisha vipande vinne vya fremu vinausukuma kutoka nje hadi skrubu zikutane na matundu. Kwa maneno ni rahisi. Mpira mpya ni mnene na mgumu kuliko ule wa zamani uliobanwa miaka yote. Tulipaka maji ya sabuni, tukaingiza reli ya chini, tukaingiza nguzo, tukapachika reli ya juu. Matundu yalikataa kukutana. Yalibaki mbali kwa upana wa kidole.

Mwanagenzi alitaka kugonga kwa nyundo ya mpira. Fundi akamshika mkono. Kioo cha tabaka mbili hustahimili kusukumwa sawasawa kote. Hakistahimili kugongwa mahali pamoja, na hasa ukingoni.

Tulivunja kila kitu na kuanza upya.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi nimeanika mpira juu ya bati la paa la banda, juani, hadi ukalegea kama chapati. Tukauvisha kioo ungali moto, sabuni nyingi zaidi, na safari hii tukazungusha mishipi miwili ya kufungia mizigo ya lori, ile yenye rachi, kikazio cha meno, mmoja kila upande, kutoka reli ya chini hadi ya juu, blanketi kuukuu chini yake. Fundi alikaza kushoto jino moja, mimi kulia jino moja. Tunangoja. Mpira unahitaji muda wa kukubali. Jino lingine kila mmoja. Tunangoja tena. Mwanagenzi alikaa na tochi akitazama tundu, akituambia linavyosogea: "Bado. Bado. Robo. Bado."

Ilituchukua kuanzia saa tatu hadi saa saba na nusu. Kisha akasema "Ngoja," akachukua skrubu, akaipaka grisi, akaingiza kwa vidole, nayo ikaingia. Kwa vidole! Alizungusha mizunguko mitatu kabla ya kuhitaji bisibisi.

Skrubu zote zimeingia na grisi. Tumezikaza kwa zamu, pembe hii, kisha ile inayoikabili, hakuna iliyokazwa moja kwa moja hadi mwisho. Tumelegeza mishipi. Tumekaa kimya tukisikiliza. Kioo hakikulia.

Jumamosi, 19 Aprili

Kurudisha fremu kwenye gari.

Mpira wa chini kwanza. Una ukingo mnene wa mviringo upande mmoja unaoteleza ndani ya mfereji wa reli ya chini, na ulimi upande mwingine unaopaswa kulala mbele juu ya bodi. Tuliuteleza kwa sabuni bila kuuvuta, tukaacha sentimita kadhaa za ziada kila upande. Mpira ukiuvuta wakati wa kuuweka, kesho utajirudi na kuacha mwanya pembeni.

Shida ni kwamba fremu ikishuka, ulimi hujikunja chini yake kuelekea ndani, na huwezi tena kuufikia. Dawa yake ni kamba. Tulilaza kamba ya nailoni ndani ya mkunjo wa ulimi, upana wote wa gari, ncha mbili zikitokeza kila upande. Fremu ikashushwa wima, nguzo zikaingia kwenye matundu yake. Halafu mimi nikavuta ncha ya kushoto kwa kuielekeza mbele, juu ya boneti, pole pole, na kamba ikaufungua ulimi kuanzia upande mmoja hadi mwingine kama mtu anayefungua kola ya shati kutoka shingoni. Ukalala wote. Mwanagenzi aliomba turudie ili aone tena. Tulikataa.

Bolti hazikukutana na matundu, kama tulivyotarajia, kwa sababu mpira mpya unaiinua fremu. Watu wawili waliilemea reli ya juu kwa viganja, blanketi katikati, uzito ukigawanywa pande zote mbili, nami nikiwa tena sakafuni nimefumba macho. Nilitumia pini iliyochongoka kuvuta tundu hadi likae mahali pake, kisha bolti. Ile ya nyuma upande wa dereva ilinichukua dakika arobaini. Vibati vitatu kushoto, viwili kulia. Kabla ya kukaza tulifunga milango na kutazama vile vioo vidogo vya pembe tatu vya mlangoni vinavyokaa sambamba na nguzo. Kulia palikuwa sawa. Kushoto paligusa. Tukaongeza kibati kimoja kulia, fremu ikasogea, mlango ukafunga bila kusugua.

Fimbo ya katikati ilikuja mwisho, na Fundi hakumruhusu mtu mwingine kuikaza. Ukiikaza mno inaivuta reli ya juu kwenda chini, na reli inakibana kioo katikati. Aliikaza hadi ilipoacha kucheza, akaongeza robo zamu, akaondoa spana.

Jumamosi, 26 Aprili

Betri zimerudishwa, chanya kwenye bodi. Dashibodi imefungwa. Stika ya bima imehamia kwenye kioo kipya.

Saa nane mchana nilimpitia Mjomba, tukapanda hadi ukingo wa Menengai, paa limekunjwa. Ile barabara ya juu ina mashimo, na kila tulipoingia moja nilikitazama kioo kwanza, halafu barabara. Mjomba alikuwa ameegemea kiti, kofia mkononi. Upepo ulikuwa unampita juu ya kichwa badala ya kumpiga usoni. Aliniuliza mara mbili kama kweli kioo kipo, kwa sababu hakuona ufa.

Wakati wa kushuka mvua ilitukuta karibu na Milimani. Tulipandisha turubai haraka, tukaibana kwenye reli ya juu, tukakaa kando ya barabara injini ikinguruma, waipa mbili zikifagia. Nilipapasa chini ya dashibodi upande wangu: kukavu. Nikapapasa katikati: kukavu.

"Hapa," Mjomba akasema.

Tone moja lilikuwa limeanguka kwenye goti lake la kushoto. Tulingoja. Baada ya kama dakika mbili likaja la pili, kutoka kona ile ambako ncha ya mpira wa chini inakutana na nguzo. Nadhani niliikata fupi kidogo. Mjomba alitoa leso, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya goti, akaendelea kutazama mvua kupitia kioo.

Kipande cha mpira kilichobaki kinatosha. Jumamosi ijayo nitaifungua kona ile.